Kuingiza Kanuni kwa Programu katika Ghala la Kanuni za Forodha: Mazingatio kutoka Mpaka wa Mpondwe

Ikisiri

Mifumo ya forodha ya Afrika Mashariki hufanya maamuzi mengi kwa kufuata kanuni zilizohifadhiwa nje ya programu yenyewe. Kanuni hizo hubadilika kila mwaka, hasa tarehe 1 Julai, na kuziingiza moja moja kwa mkono huchosha na huzaa makosa. Makala haya yanaeleza namna programu inavyoweza kuingiza kanuni katika ghala, kisha yanatumia mazingira ya kituo cha mpakani cha Mpondwe, wilayani Kasese, kuonyesha kwamba ugumu haumo katika tendo la kuandika kanuni bali katika mambo yanayoambatana nalo: chanzo cha kisheria, nchi inayohusika, tarehe na idhini. Inapendekezwa kwamba programu iruhusiwe kuandika rasimu tu, na kwamba tarehe ya kadhia, si saa ya kompyuta, iamue kanuni ipi itumike.

1. Utangulizi

Mto Lubiriha ndio unaoitenga Mpondwe, upande wa Uganda, na Kasindi, upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wakonzo wa Bwera na Kasese na Wanande wa Beni na Butembo husikilizana kwa lugha, na Kiswahili huwaunganisha na wafanyabiashara watokao mbali zaidi. Saruji ya Hima, chumvi ya Katwe, mabati na mafuta ya kula huelekea Kongo. Kahawa, kakao na mbao huja Uganda. Takwimu za biashara isiyo rasmi zinazokusanywa na Ofisi ya Takwimu ya Uganda huitaja Mpondwe mara kwa mara miongoni mwa vituo vikubwa vya mpakani. Juni 2021 marais wa nchi hizo mbili walikutana hapa kuzindua ujenzi wa barabara zenye jumla ya kilomita 223 ndani ya Kongo, mojawapo ikiwa ile ya Kasindi hadi Beni.

Kwa mfanyabiashara anayefika kituoni, sheria haimjii kama kitabu. Humjia kama jibu: kiasi anachotakiwa kulipa na njia ambayo mzigo wake umepangiwa. Njia ya kijani huachilia mzigo, ya njano hudai nyaraka zikaguliwe, nyekundu hudai mzigo wenyewe ufunguliwe, na ya bluu huuachilia kwa sharti la ukaguzi wa baadaye. Jibu hilo hutolewa na mfumo wa ASYCUDA World, uliobuniwa na Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Biashara na Maendeleo na kutumiwa na Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Ng'ambo ya mto, mamlaka ya forodha ya Kongo hutumia mfumo huohuo kwa jina lake la Kifaransa, SYDONIA World. Mfumo ni mmoja, lakini kila nchi huujaza viwango vyake, vigezo vyake vya hatari na taratibu zake. Swali la makala haya ni namna ujazaji huo unavyoweza kufanywa na programu badala ya mkono wa afisa, na masharti gani yaambatane nao.

2. Sheria, kanuni na kanuni tendaji

Istilahi zinahitaji kutengwa mapema, kwa kuwa mkanganyiko wake umeleta hasara katika miradi halisi ya tehama. Katika Kiswahili cha sheria, sheria ni ile inayotungwa na bunge, nazo kanuni hutungwa na waziri au mamlaka nyingine chini ya sheria hiyo. Mtaalamu wa kompyuta naye husema kanuni akimaanisha sentensi ya masharti ambayo mashine huitekeleza: ikiwa hali fulani ipo, fanya jambo fulani. Afisa wa sheria anapoambiwa kwamba kanuni 400 zimebadilishwa jana usiku, ana haki ya kushtuka. Makala haya yanatumia jina kanuni tendaji kwa maana hiyo ya pili, na ghala la kanuni kwa mahali zinapohifadhiwa pamoja na matoleo yao ya awali.

Mchele unatoa mfano mzuri. Chini ya Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mchele utokao nje ya Jumuiya hutozwa asilimia 75 ya thamani au dola 345 kwa tani, kiasi kilicho kikubwa ndicho kilipwe. Kwa mzigo wa tani 10 wenye thamani ya dola 4,000, asilimia 75 ni dola 3,000, na hesabu ya uzito ni dola 3,450. Kwa hiyo uzito unashinda. Thamani ikiwa dola 6,000, asilimia inashinda kwa dola 4,500. Hata hivyo, Kenya kwa miaka kadhaa imeruhusiwa na Jumuiya kusitisha kiwango hicho na kutoza asilimia 35 au dola 200 kwa tani. Mzigo uleule wa dola 4,000 ukiingizwa Kenya chini ya ruhusa hiyo hudaiwa dola 2,000. Aliyeandika kanuni tendaji ya mchele akasahau sharti la nchi hajakosea tahajia. Ametunga sheria mpya ambayo hakuna bunge lililoipitisha.

3. Kwa nini kanuni zitolewe nje ya programu

Wazo la kutenga kanuni na programu si jipya. Charles Forgy wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alichapisha mwaka 1982 mbinu aliyoiita Rete, neno la Kilatini lenye maana ya wavu, inayoiwezesha mashine kulinganisha kanuni nyingi na taarifa nyingi bila kurudia kazi iliyokwisha kufanywa. Mwaka 1986 Marek Sergot, Robert Kowalski na wenzao walionyesha kwamba sehemu kubwa ya Sheria ya Uraia ya Uingereza ingeweza kuandikwa kama programu ya kimantiki. Baadaye zikaja bidhaa za kibiashara na za wazi: JRules ya kampuni ya Ufaransa ILOG, iliyonunuliwa na IBM mwaka 2009, na Drools, iliyolelewa kwa miaka mingi na Red Hat. Mwaka 2015 shirika la OMG lilichapisha toleo la kwanza la kiwango cha DMN, kinachoruhusu uamuzi kuchorwa kama jedwali linalosomeka na binadamu na mashine pia.

Faida kwa mamlaka ya forodha ni dhahiri. Kiwango kikibadilika, haihitajiki kuandika programu upya wala kumngoja mjenzi wa mfumo aliyeko mbali. Hubadilishwa kanuni tu. Kila mwaka, kabla ya Julai kuanza, Gazeti Rasmi la Jumuiya huchapisha orodha ndefu ya viwango vilivyosimamishwa, vilivyorekebishwa na misamaha, nchi kwa nchi. Muda kati ya kuchapishwa na kuanza kutumika huwa mfupi. Hapo ndipo kishawishi cha kuiachia programu kazi yote kinapoingia.

4. Namna programu inavyoingiza kanuni

Kazi huanza mbali na ghala, kwenye karatasi. Gazeti limeandikwa kwa ajili ya macho ya binadamu, kwa hiyo maudhui yake hugeuzwa kwanza kuwa jedwali: msimbo wa bidhaa, nchi, kiwango, kipimo, tarehe ya kuanza na kukoma, na namba ya tangazo. Hatua hii hudharauliwa kwa sababu haina fahari ya kiufundi, ilhali ndiyo yenye mitego mibaya zaidi. Msimbo wa kahawa ambayo haijakaangwa wala kuondolewa kafeini ni 0901.11.00. Ukiingizwa katika programu ya majedwali ya ofisini bila kuambiwa kuwa ni maandishi, sifuri ya mwanzo hudondoka na kubaki 9011100, tarakimu saba. Programu nyingine ikiona tarakimu zimepungua huongeza sifuri mwishoni, na kahawa ya mlima Rwenzori inakuwa 9011.10.00, ambao ni msimbo wa aina ya hadubini. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea. Kanuni inaundwa vizuri, inahifadhiwa vizuri, na haitamgusa kamwe mwenye kahawa aliyekusudiwa.

Jedwali likisafishwa, kila safu hupitishwa katika kiolezo. Kiolezo ni kanuni tendaji yenye nafasi wazi, na programu hujaza nafasi hizo kwa thamani za safu. Katika Drools, maandishi yanayopatikana huwekwa katika mfumo wa mafaili ulio ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, kisha mjenzi wa kanuni huitwa ayasome na kuyaunda. Lazima mjenzi huyo aulizwe waziwazi kama amekuta makosa, na kazi isimame akijibu kwamba amekuta. Katika maghala ya aina ya JRules, programu hufungua kikao kwa jina la mtumiaji anayejulikana, huchagua mradi na tawi, huunda kanuni ndani ya tawi hilo, huijazia sifa zake, kisha huthibitisha mabadiliko yote kwa pamoja. Kanuni 400 zinazoingizwa kwa kundi ziingie zote au isiingie hata moja. Kundi lililokatika katikati huliacha ghala likiwa nusu la mwaka jana na nusu la mwaka huu, na afisa wa dirishani hana njia ya kulitambua hilo.

Kuunda bila kosa si ushahidi kwamba kanuni ni sahihi. Kanuni mpya yaweza kugongana na ya zamani. Injini nyingi za kanuni hazikatai mgongano. Huruhusu kanuni zote mbili zifanye kazi, na matokeo hutegemea ipi ilitangulia au ipewe kipaumbele gani. Ndiyo maana jedwali la DMN hutaka mtungaji atamke mapema namna ya kuamua. Akitamka kwamba jibu ni la kipekee, safu mbili zinazofaa kwa mzigo mmoja huhesabiwa kuwa kosa, na kosa hilo linaweza kugunduliwa kabla mtu yeyote hajatozwa. Akitamka kwamba safu ya kwanza ndiyo ishinde, mgongano humezwa kimyakimya. Kwa viwango vya ushuru chaguo la kipekee ndilo linalofaa, hata kama linawasumbua waandishi wa jedwali.

Kipimo cha mwisho ni kuzipitisha kadhia za siku zilizopita, zilizoondolewa majina, katika kanuni mpya na kuorodhesha kila kadhia ambayo jibu lake limebadilika. Orodha hiyo ikiwa na bidhaa ambazo Gazeti halikuzitaja, kuna kosa. Kanuni mpya isipobadilisha jibu hata moja wakati Gazeti limebadilisha kiwango cha bidhaa ipitayo kila siku, kuna kosa pia, na pengine ni ile sifuri iliyodondoka.

Mpaka hapa programu imefanya kazi yote isipokuwa moja. Kanuni zimo ghalani, lakini zikiwa na hadhi ya rasimu. Kuzihamisha kutoka rasimu hadi matumizi kufanywe na afisa mwenye mamlaka ya kisheria, kwa jina lake, baada ya kuona orodha ya mabadiliko. Programu iliyopewa ruhusa zote mbili, ya kuandika na ya kuanzisha, imepewa cheo ambacho sheria haikukitaja. Baadhi ya wataalamu hudai kwamba idhini ya binadamu hurudisha ucheleweshaji uleule uliokusudiwa kuondolewa. Dai hilo halina uzito: kuidhinisha orodha iliyopangwa vizuri ni kazi ya saa chache, na saa hizo zinapatikana hata mwishoni mwa Juni.

5. Tarehe mbili

Suala la tarehe linastahili kukaliwa kwa muda, kwa sababu ndilo lenye madhara marefu zaidi kwa mfanyabiashara na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Kanuni tendaji huweza kupewa sifa mbili: tarehe ya kuanza kufaa na tarehe ya kukoma. Mtungaji huandika 1 Julai katika ya kwanza na kuridhika. Lakini katika injini kama Drools sifa hizo hulinganishwa na saa ya mfumo unaoendesha kanuni. Zinajibu swali hili: je, leo kanuni hii iko hai? Sheria inauliza swali jingine. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kiwango kinachotumika ni kile kilichokuwa na nguvu bidhaa zilipoingizwa kwa matumizi ya nyumbani. Kadhia iliyosajiliwa tarehe 28 Juni na kukokotolewa upya tarehe 5 Julai kwa sababu ya marekebisho ya uzito inapaswa kupata kiwango cha Juni. Injini inayotazama saa yake itatoa kiwango cha Julai.

Kwa hiyo tarehe iwe sharti ndani ya kanuni yenyewe, ikilinganishwa na tarehe ya kadhia. Sifa za kuanza na kukoma zibaki kuwa kinga ya ziada tu. Kiolezo kinachotumiwa na programu ndicho mahali pa kulitekeleza hilo mara moja kwa kanuni zote. Likisahauliwa katika kiolezo, limesahauliwa mara 400.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika vifungu viwili vya sheria hiyohiyo. Kifungu cha 229 kinampa aliyeathiriwa na uamuzi wa forodha siku 30 za kuomba uamuzi upitiwe upya, na Kamishna naye siku 30 za kujibu. Kifungu cha 135 kinaruhusu ushuru uliotozwa pungufu udaiwe hata baada ya miaka, hadi mitano. Achukuliwe mama wa Bwera aliyelipa kile mashine ilichomwambia, akapewa stakabadhi, akauza mzigo wake kwa bei iliyofuata gharama hiyo. Kanuni tendaji ikibainika baadaye kuwa na kosa, deni si la aliyeandika kiolezo wala la aliyeidhinisha kundi. Ni lake. Ili aweze hata kuuliza deni limetoka wapi, ghala lazima liweze kuonyesha kanuni kama ilivyokuwa siku ile, si kama ilivyo leo. Hiyo ndiyo sababu kanuni tendaji isifutwe kamwe wala kuandikwa juu yake. Ifungwe kwa tarehe, na mpya iwekwe kando yake. Programu inayoingiza kanuni isiwe na ruhusa ya kufuta.

6. Kingo mbili za mto mmoja

Kongo ilitia saini Mkataba wa kujiunga na Jumuiya tarehe 8 Aprili 2022 na kukamilisha uanachama tarehe 11 Julai mwaka huohuo. Kutia saini hakuingizi kanuni katika ghala lolote. Ghala ambalo kanuni zake za uasili wa bidhaa zilitaja nchi wanachama kwa majina, ndani ya kila kanuni, lilihitaji kufumuliwa kanuni kwa kanuni. Na Somalia ilipokamilisha uanachama mwezi Machi 2024 kazi ingerudiwa. Njia nyepesi ni kanuni kurejelea jedwali moja la uanachama lenye tarehe, ili programu iongeze safu moja badala ya kugusa kanuni nyingi.

Hata jedwali hilo halitoshi. Kuwa mwanachama ni jambo moja. Kutekeleza viwango vya pamoja ni jingine, nalo hufuata ratiba ya kila nchi. Nafasi mbili tofauti zinahitajika, moja ya uanachama na nyingine ya utekelezaji, kila moja na tarehe yake. Chumvi ya Katwe inalidhihirisha hili. Ni bidhaa iliyopatikana yote ndani ya Uganda, na mzigo wake usiozidi dola 2,000 unastahili Cheti Rahisi cha Uasili kinachotolewa mpakani. Ghala la Mpondwe likiwa na kanuni hiyo na la Kasindi likiwa halina, mwenye chumvi huvuka daraja na cheti halali ambacho mashine ya upande wa pili haijui maana yake. Hapo hulipa mara ya pili, au safari ijayo hushika njia ya panya. Wachambuzi wa sera huihesabu biashara ya njia za panya kama ukwepaji. Sehemu yake huenda ikawa ni matokeo ya maghala mawili yasiyolingana.

7. Kanuni za dharura

Si kila kanuni hutokana na Gazeti. Tarehe 11 Juni 2019 Wizara ya Afya ya Uganda ilithibitisha mgonjwa wa Ebola wilayani Kasese, mtoto wa miaka mitano aliyevuka kutoka Kongo pamoja na familia yake. Katika hali kama hiyo agizo hutoka kwa saa, na hakuna anayetarajia kundi la kanuni lipitie wiki mbili za majaribio. Kanuni ya dharura iruhusiwe kuingia kwa njia fupi, kwa idhini ya maafisa wawili, lakini isikubaliwe na ghala bila tarehe ya kukoma. Mlipuko ule wa Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Kigezo cha hatari kilichowekwa kwa sababu yake bila mwisho kingeendelea kupeleka mizigo ya Beni katika njia nyekundu muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha, na anayefunguliwa magunia asingeambiwa sababu.

8. Maelezo ya kanuni dirishani

Kila kanuni katika ghala huwa na nafasi ya maelezo, ambayo kwa kawaida huachwa tupu au hujazwa maneno ambayo ni mwandishi wake tu ayaelewayo. Nafasi hiyo inaweza kubeba sentensi moja ya Kiswahili ambayo afisa ataisoma dirishani au mfumo utaichapisha kwenye stakabadhi: "Ushuru huu umehesabiwa kwa uzito, si kwa thamani, kwa kuwa hesabu ya uzito ni kubwa zaidi, kiwango ni cha mwaka unaoanzia Julai." Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na Wakuu wa Nchi za Jumuiya walikwisha kukikubali pamoja na Kifaransa mwaka uliotangulia, kwa hiyo msingi wa kisera upo. Kiufundi, sentensi hiyo huwekwa katika kiolezo kilekile kinachozaa kanuni, na nafasi zake hujazwa kutoka safu ileile ya jedwali, ili kiwango kikibadilika maelezo yabadilike nacho. Kanuni itakayofika ghalani bila maelezo hayo, au ikiwa na maelezo yanayotaja kiwango tofauti na masharti yake, ikataliwe na kurudishwa kwa mtungaji kabla ya kumfikia afisa wa kuidhinisha.